“Nilikuwa napika tu”: kazi ya wanawake vitani na jina tunaloipa

Mwaka 2025 vikundi vya kujitolea vya Sudan vinavyoitwa Vyumba vya Dharura vilipewa tuzo mbili zenye heshima kubwa, Rafto ya Norway na Right Livelihood ya Sweden. Katika habari za siku zile nilikutana tena na tena na picha ya aina moja: mwanamke wa Kisudani ameinamia sufuria kubwa nyeusi, moshi wa kuni umemziba nusu ya uso, na nyuma yake foleni ya watoto walioshika mabakuli. Maelezo chini ya picha nayo yalikuwa ya aina moja: huruma, moyo wa mama, utu katikati ya unyama. Picha ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yale maelezo. Kwenye mtaa ambao halmashauri imekimbia, benki imeporwa, hospitali imepigwa na soko limeungua, kuna mtu anayejua nani hajala tangu jana, anayetafuta fedha, anayenunua dengu, na anayezungumza na mwenye bunduki kwenye kizuizi mpaka gunia lipite. Mtu huyo anatawala. Kumwita mwenye huruma ni kweli, lakini ni kweli iliyopunguzwa sana.

Niseme hoja yangu mapema ili msomaji aipime. Kosa letu kuhusu wanawake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe si kwamba hatuwaoni. Tunawaona kila siku, katika kila taarifa ya habari. Kosa liko kwenye jina tunaloipa kazi yao. Mwanamume akibeba sanduku la risasi kutwa nzima porini ni mpiganaji. Mwanamke akilibeba sanduku hilohilo, njia hiyohiyo, ni mke wa mpiganaji, au mateka, au mtu aliyesaidia. Na jina hilo haliishii magazetini. Siku bunduki zikinyamaza, ndilo linaloingia kwenye fomu, na fomu ndiyo inayoamua nani alipwe, nani apewe shamba, nani afundishwe ufundi, nani aketi mezani.

Miaka kadhaa iliyopita nilizungumza na mama mmoja wa Burundi aliyekimbia vita vya miaka ya tisini. Nilimuuliza alifanya nini miaka ile. “Mwanangu, sikufanya kitu,” alinijibu. “Nilikuwa napika tu.” Nikazidi kuuliza, naye akazidi kueleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alikuwa akiwapikia watu thelathini na zaidi waliojificha msituni juu ya kijiji. Chakula alikipeleka alfajiri, kimefunikwa na majani ya ng’ombe. Pamoja na chakula alipeleka habari: askari wangapi wamepita, wameelekea wapi, nani kijijini ameanza kuonekana na fedha ambazo hakuna anayejua zinatoka wapi. Upande mmoja ukimkamata ungemuua. Akikataa kupika, upande wa pili ungemuua. Yote hayo aliyafunga ndani ya kineno kimoja, *tu*. Kiondoe kineno hicho, na unabaki na mtu aliyekuwa ugavi na upelelezi wa kikosi kizima.

Turudi Sudan, maana huko jambo hili linatendeka mbele ya macho yetu. Vita kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na wanamgambo wa RSF wa Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti, vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 na vimewang’oa makwao watu zaidi ya milioni 12. Vyumba vya Dharura vilichipuka kutoka kwenye kamati za mitaa zilizopinga utawala wa kijeshi kabla ya vita, na mizizi yake ni desturi ya zamani ya nafir, ujima wa Kisudani. Vijana wa kiume wamo wengi, na ni haki kusema hivyo. Wapo waliokamatwa, walioteswa na waliouawa, na pande zote mbili zimehusika. Lakini majiko ya pamoja, yanayoitwa takaya, kwa sehemu kubwa yamebebwa na wanawake, na wanawake walianzisha pia vyumba vyao wenyewe kwa ajili ya mambo yasiyosemwa kwenye foleni ya chakula: uzazi, taulo za hedhi, dawa za aliyebakwa.

Tazama jiko moja linavyoendeshwa. Fedha inatoka kwa Msudani aliyeko nchi za Ghuba au Ulaya na kuingia kwenye simu kupitia Bankak, programu ya Benki ya Khartoum. Mawasiliano yalipokatika karibu nchi nzima Februari 2024, ilibidi mtu aende kulipia muda wa intaneti ya setilaiti ya Starlink, pengine kwa watu wenye silaha wenyewe, ili ajue tu kama fedha imefika. Noti ni adimu, kwa hiyo mfanyabiashara anayeigeuza fedha ya simu kuwa taslimu anakata chake kwanza. Kisha kuna ununuzi wa dengu, maharage, unga, mafuta na kuni. Kisha vizuizi vya barabarani. Kisha daftari: nyumba hii ina watu saba, ile ina mgonjwa wa kisukari, ile nyingine imepokea wageni waliokimbia usiku. Kosea hesabu siku mbili, na mtaa utaanza kunong’ona kwamba unapendelea kabila lako. Kule El Fasher, mji wa Darfur magharibi mwa Sudan uliozingirwa kwa takribani mwaka mmoja na nusu kabla ya RSF kuuteka tarehe 26 Oktoba 2025, chakula kiliisha hadi watu wakala ambaz, makapi ya karanga zilizokamuliwa mafuta, ambayo siku za kawaida hupewa mifugo. Kuamua kwamba leo jiko litapika ambaz, na nani apewe kwanza, ni uamuzi mzito kuliko mengi yanayopitishwa na mabaraza ya mawaziri. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mamia ya majiko yalifunga ndani ya wiki chache. Aliyesimama mbele ya foleni kuwaambia watu leo hakuna kitu hakuwa balozi wala waziri.

Kuna sababu ya msingi inayofanya kazi hii iangukie wanawake, na inatokana na jinsi vita vya aina hii vinavyoendeshwa. Vita kati ya nchi na nchi vina kambi, bohari na bajeti; jeshi linakula chakula cha jeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapiganwa mlemle watu wanamolala. Waasi hawana wizara ya fedha wala ghala; wanakula kwa wananchi, wanalala kwa wananchi, wanatibiwa kwa wananchi. Nyumba inageuka bohari, zahanati, kituo cha habari na maficho, yote kwa pamoja. Kadiri vita vinavyozidi kuwa vya ndani, ndivyo vinavyozidi kusimama juu ya kazi ambayo tangu zamani tumeizoea kuiita ya nyumbani. Hapo ndipo jicho letu linapopotea. Kwa kuwa kuchota maji, kupika, kufua na kuuguza havikuitwa kazi wakati wa amani, tunadhani haviwezi kuwa kazi ya vita. Lakini kikosi kisichokula siku tatu hakipigani, na kamanda yeyote wa msituni analijua hilo kuliko mwandishi wa habari.

Jina likikosewa, malipo nayo hukosewa, na mfano ninaourudia kila mara ni wa Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mama huyu alikuwa mpelelezi wa jeshi la Kaskazini. Juni 1863, kwenye mto Combahee huko South Carolina, aliongoza pamoja na maofisa wa jeshi shambulio lililowakomboa watumwa zaidi ya 700 kwa usiku mmoja. Vita vilipokwisha alihangaika miaka zaidi ya thelathini akidai haki yake. Alipoanza kulipwa, mwaka 1895, alilipwa dola 8 kwa mwezi kwa sababu alikuwa mjane wa askari. Mwaka 1899 zikapandishwa hadi dola 20, na kilichotambuliwa ni kazi yake ya uuguzi. Mjane, kisha muuguzi. Upelelezi wake na usiku wa Combahee havikupata mstari kwenye fomu ya pensheni.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya karne ya kumi na tisa. Basi tuje Afrika Magharibi, jana tu. Vita vya Sierra Leone vilipokwisha mwaka 2002, wapiganaji zaidi ya 72,000 walikuwa wamepita kwenye mpango wa kupokonya silaha, kuvunja vikosi na kurejesha watu uraiani. Wanawake kati yao walikuwa karibu 4,750, yaani chini ya 7 katika kila 100. Kila aliyeishi vita vile anajua kwamba wasichana na wanawake walioishi na waasi wa RUF walikuwa wengi kuliko hivyo kwa mbali. Walikwenda wapi? Walikwama mlangoni. Kwa muda mrefu, aliyetaka kusajiliwa alitakiwa aje na bunduki, na mara nyingine aifungue na kuiunga tena mbele ya msimamizi. Msichana aliyetekwa na kufanywa mke wa kamanda, mpishi wake, mbeba mizigo wake, na siku za mapigano akapewa bunduki kama wengine, hakuwa na bunduki ya kuonyesha. Wapo ambao makamanda waliwanyang’anya silaha na kumpa mwanamume mwingine akajiandikishe nayo. Wapo pia ambao hawakutaka hata kusogelea kambi, kwa kuogopa kupigwa muhuri wa uasi na kukosa mchumba maisha yao yote. Na huko Msumbiji, miaka kumi kabla, wakati wa kuvunja vikosi baada ya mkataba wa 1992, nguo walizogawiwa waliorudi uraiani zilikuwa za kiume. Aliyeagiza mashati na suruali zile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na picha kichwani ya mpiganaji ni nani.

Liberia, jirani wa Sierra Leone, ilijaribu njia nyingine. Mpango wake uliotekelezwa baada ya mkataba wa Agosti 2003 ulikubali kuwasajili wanawake waliokuwa na vikosi hata kama hawakuwa na silaha mkononi. Waliosajiliwa wote walifika takribani 103,000, na wanawake watu wazima walikuwa zaidi ya 22,000: zaidi ya mmoja katika kila watano. Nchi mbili zinazopakana, vita vilivyoshikana kama mapacha, makundi yaliyokuwa yakivuka mpaka huku na huku. Sioni sababu ya kuamini kwamba wanawake wa Liberia walikuwa wapenda vita mara tatu kuliko wenzao. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa mlangoni.

Hapa kuna pingamizi la kweli. Mpango wa Liberia ulilaumiwa kwa kuvimba: bunduki zilizokusanywa zilikuwa chache mno kulinganisha na idadi ya watu, na bila shaka wapo waliojiingiza kwa ajili ya fedha ambao hawakuwahi kuishi na kikosi chochote. Ukilegeza mlango, wajanja wanapita. Sikatai. Lakini mlango wa Sierra Leone nao ulipitisha wajanja, wale wanaume waliobeba bunduki zilizonyang’anywa wasichana. Hakuna mlango usio na mwizi. Tofauti ni nani anayeibiwa. Mlango mpana unaiibia hazina ya wafadhili. Mlango mwembamba unamwibia msichana aliyekwisha kuibiwa miaka minane ya maisha yake. Nikilazimishwa kuchagua, najua nitachagua upi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watetezi wa wanawake wenyewe, na limenisumbua muda mrefu. Wanasema: ukianza kuita kazi yale waliyofanya mateka, unasafisha utumwa. Msichana aliyetekwa akiwa na miaka kumi na miwili hakuajiriwa. Mwache awe mhanga, kwa maana uhanga wake ndio ulinzi wake mbele ya mahakama na mbele ya kijiji. Hoja hii ina nguvu, na sheria imeibeba mbali. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilitambua mwaka 2008 kwamba kumfanya mtu mke kwa nguvu ni uhalifu dhidi ya ubinadamu unaosimama peke yake, na Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, kundi la waasi wa Uganda, kwa makosa yakiwemo ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa. Lakini soma vizuri sheria hiyo ilichokiona. Iliona kwamba kilichofanyika ni zaidi ya ubakaji: msichana alinyonywa kazi, mwili, uzazi na jina, kwa miaka, ili kikosi kiendelee kuishi. Kuitambua kazi ile hakumwondolei mtu uhanga wake, kwa sababu mtumwa naye hufanya kazi, tena kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana anadai. Tukimwita mhanga peke yake tunampa pole na blanketi. Tukikiri kwamba alinyang’anywa kazi ya miaka minane, tunalazimika kufanya hesabu.

Sasa niguse hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi makongamanoni: kwamba wanawake ni watu wa amani kwa maumbile yao, wao ndio wazaao, kwa hiyo wawekwe mezani na vita vitakwisha. Wanaosema hivi wana nia njema. Lakini nenda Darfur na Kordofan, maeneo ya Sudan, ukawasikilize hakamat, wanawake watunzi wanaowaimbia wapiganaji wa koo zao. Wimbo wao humpandisha kijana juu ya farasi, siku hizi juu ya gari lenye mzinga, na humwaibisha aliyerudi nyuma hadi asitamani kuonekana kijijini. Nenda Rwanda ya 1994. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, na mwaka 2011 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Rufaa ilipunguza kifungo chake cha maisha hadi miaka 47. Nenda kaskazini mwa Uganda mwaka 1986, ambako Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliunda jeshi la wafuasi waliojipaka mafuta wakiamini risasi hazitawaingia, akalifikisha karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwaka uliofuata. Maumbile hayakumzuia hata mmoja wao.

Kinachomwezesha mwanamke kubeba amani ni mahali aliposimama. Wasomali wanatuonyesha hili kuliko mtu mwingine. Mwanamke wa Kisomali huzaliwa ukoo mmoja na mara nyingi huolewa ukoo mwingine. Baba na kaka zake wako upande huu, mume na wanawe upande ule. Koo zikipigana, yeye ndiye anayeweza kuvuka na ujumbe, kwa sababu pande zote mbili ni kwao. Lakini msimamo huohuo ulimfungia mlango wa baraza: ukoo gani utamtuma awe mjumbe wake, wakati kila mmoja unamwona ni wa wenzao? Mwaka 2000, kwenye mkutano wa Arta nchini Djibouti, ambako viti viligawanywa kwa koo, mwanaharakati Asha Haji Elmi na wanawake wenzake wakatangaza kwamba wao ni Ukoo wa Sita. Hawakuomba kiti kwa sababu wana mioyo laini. Walionyesha kwamba wana wadhifa katika jamii ambao mgawanyo wa koo haukuuhesabu. Hoja ya maumbile inawaharibia watu kama hao, kwa sababu anayealikwa kwa upole wake atatolewa siku atakapokasirika.

Kuna wanaosema kinyume chake, kwamba vita huwakomboa wanawake kwa kuwatoa jikoni. Ipo kweli ndani yake, ila haidumu yenyewe. Hispania mwaka 1936 wanawake wanamgambo walipigwa picha na bunduki mitaani Barcelona. Miezi michache baadaye walikuwa wakiondolewa mstari wa mbele na kuambiwa kwamba nafasi yao iko nyuma, viwandani na hospitalini. Mahali ambapo nafasi ilidumu, iliandikwa kwenye sheria kabla watu hawajasahau. Rwanda ilipitisha sheria ya mirathi mwaka 1999 iliyompa binti haki ya kurithi kama kaka yake, wakati nchi imejaa wajane waliokuwa wakilima mashamba yasiyo na majina yao. Asilimia 30 ya viti kwa wanawake ikaja na katiba ya 2003, na mwaka 2008 wanawake wakawa wengi bungeni. Nafikiri dunia imesifu sana viti vile na kuisahau ile sheria ya mashamba, ambayo kwa mwanamke wa kijijini ndiyo yenye uzito.

Burundi inatoa kipimo kizuri cha jambo hilohilo. Mazungumzo ya Arusha yalipoanza mwaka 1998 wanawake hawakuwa na nafasi. Wachache waliruhusiwa baadaye kama waangalizi. Julai 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela aliyechukua kazi hiyo baada ya Mwalimu Nyerere kufariki, wanawake wa vyama vyote walikutana Arusha na kutoa mapendekezo yao, na mengi yakaingia kwenye mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti mwaka huo. Katiba ya 2005 ikaweka asilimia 30 ya viti kwa wanawake. Lakini walikuwa wameomba pia haki ya kurithi ardhi, na mpaka leo mirathi ya ardhi Burundi inaendeshwa kwa mila, ambayo humpitisha binti pembeni. Viti vilipatikana kwa sababu viti ni vya wachache na vinaonekana. Shamba ni la kila mtu, na kila mwanamume aliyekuwa ukumbini alikuwa na dada.

Wanadiplomasia wana hoja yao, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi: vita husimamishwa na wenye bunduki, kwa hiyo wao ndio waitwe kwanza, wengine watakuja baadaye, kwenye katiba na uchaguzi. Kwa saa 72 za kwanza za kusitisha mapigano, wako sahihi. Mpishi hawezi kuamuru mizinga inyamaze. Tatizo ni kwamba mkataba hauishii saa 72. Humohumo ukumbini hugawanywa wizara, kuunganishwa majeshi, kupangwa mpango wa wapiganaji kurudi uraiani, na kuandikwa nani ni mpiganaji. “Baadaye” inapofika, vitu vyote vimeshagawanywa. Wanawake wa Liberia walilielewa hili. Walikuwa wamekaa wiki kadhaa juani Monrovia wakiwa wamevaa nyeupe, Wakristo na Waislamu pamoja, kisha wakaufuata mkutano Accra. Julai 2003 kiongozi wao Leymah Gbowee na wenzake walishikana mikono na kuziba mlango wa ukumbi ili wajumbe wasitoke, na walinzi walipokuja kumkamata akaanza kuvua nguo, laana ambayo hakuna mwanamume wa kule aliyetaka impate. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliwasikiliza. Mwezi uliofuata mkataba ukasainiwa. Nisiseme kwamba wao peke yao ndio waliomaliza vita. Waasi walikuwa wakiupiga mabomu mji mkuu na Rais Charles Taylor alikuwa amebanwa kila upande. Lakini nadhani mlango ule ulioongezwa upana kwenye mpango wa kupokonya silaha haukupanuka wenyewe.

Na bado, kuwaweka ukumbini bila kuwapa jina sahihi hakusaidii. Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake washirikishwe katika kutafuta amani, lililopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000 Namibia ikiwa kwenye kiti cha urais wa Baraza, limetimiza robo karne, na kati ya 1992 na 2019 wanawake walikuwa wastani wa 13 katika kila wajumbe 100 wa mazungumzo makubwa ya amani. Sudan Kusini iliahidi wanawake asilimia 35 ya nafasi za uongozi kwenye mkataba wa 2018 na imekuwa ikishindwa kuifikia tangu hapo. Sudan yenyewe, baada ya wanawake kujaza barabara mwaka 2019, iliwaahidi asilimia 40 ya baraza la kutunga sheria. Oktoba mwaka huo Alaa Salah, binti aliyejulikana duniani kwa picha yake juu ya gari amevaa nyeupe, alikwenda kulieleza Baraza la Usalama jinsi wanawake walivyoachwa nje ya mazungumzo. Baraza lile la asilimia 40 halikuundwa hata siku moja; majenerali walipindua serikali tarehe 25 Oktoba 2021, na mwaka mmoja na nusu baadaye wakageuziana bunduki.

Kwa hiyo mazungumzo ya Sudan yakija kuwa ya kweli, sitaanza kwa kuhesabu wanawake wangapi wameketi ukumbini. Nitatafuta karatasi zitakazoandikwa humo. Je, fomu ya kurudi uraiani itauliza “ulikuwa na silaha gani?” au itauliza “ulifanya kazi gani, kwa kikosi gani, kwa muda gani, na kwa hiari au kwa nguvu?” Je, anayeendesha jiko atatambuliwa kama mamlaka ya mtaa wake, akabidhiwe bajeti na dhamana, au atapewa cheti cha shukrani huku mtaa ukikabidhiwa kwa kamanda aliyekuwa akimtoza ushuru kizuizini? Je, mwanamke ambaye mumewe hajulikani yuko hai au amekufa ataweza kuuza, kurithi au kukodisha nyumba ya Omdurman, mji ulio ng’ambo ya mto kutoka Khartoum, bila kaka wa mume kuweka sahihi? Na mwimbaji aliyewatuma vijana kuua, naye ataitwa kujibu, au tutamsamehe kwa kuwa ni mwanamke tu? Haki ya jina sahihi inakata pande zote mbili.

Maswali hayo ni madogo na hayapigi picha nzuri. Lakini majeshi yote mawili yatahitaji majibu kutoka kwa watu ambao hayakuwahi kuwahesabu. Atakayetaka kujua nani alibaki katika mtaa fulani wa Omdurman, nani aliondoka, nani alikufa na alizikwa chini ya mti gani kwa sababu makaburini hakukufikika, hatakuta habari hizo kwenye kumbukumbu za jeshi lolote. Atamkuta mwanamke mwenye daftari la jiko, na itabidi kwanza akubaliane naye.